Ukitibu saratani, usiusahau moyo

Siku mgonjwa wa saratani anapomaliza dripu yake ya mwisho huwa ni siku ya furaha kwa jamaa nzima. Harambee zilizofanywa, shamba lililouzwa, safari za alfajiri kwa matatu kwenda hospitalini na usiku wa kutapika, vyote huonekana kuwa vimezaa matunda. Watu humshukuru Mungu, chai huandaliwa, na mgonjwa huambiwa, "Sasa pumzika, yamekwisha."

Lakini je, yamekwisha kweli?

Chukua mfano wa mama wa miaka hamsini hivi anayeishi orofa ya tatu katika mtaa wowote wa Nairobi au Mombasa. Alitibiwa saratani ya matiti na uvimbe ukaondoka. Miezi michache baadaye anaanza kusimama katika orofa ya pili ili avute pumzi. Usiku anataka mito miwili badala ya mmoja. Jioni viatu vinambana. Watoto wake wanasema ni uchovu wa dawa. Jirani anasema ni upungufu wa damu, anywe supu na mboga za majani. Mumewe anasema ni umri. Kila mmoja ana jibu lake, na hakuna hata mmoja anayeutaja moyo.

Madaktari wanaufahamu sana mfano wa aina hii. Baadhi ya dawa na miale inayoua saratani huweza pia kuudhuru moyo na mishipa ya damu. Madhara haya hayawapati wagonjwa wote, wala si sababu ya mtu kuikimbia tiba. Saratani isiyotibiwa huua, na hilo halina mjadala. Hata hivyo, moyo ulioanza kudhoofika ukigunduliwa mapema aghalabu hutibika. Ukigunduliwa kwa kuchelewa, huenda usirudi tena ulivyokuwa. Tofauti hiyo kati ya mapema na kuchelewa ndiyo tungependa kila familia iielewe.

Wanaopona ni wengi kuliko zamani

Zamani jambo hili halikuzungumzwa sana nyumbani kwa sababu ya kusikitisha: wagonjwa wengi hawakuishi muda wa kutosha kuyaona madhara ya tiba. Leo mambo yanabadilika. Katika mwaka wa 2020, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya wapatao 42,000 na vifo vipatavyo 27,000. Takwimu hizo ni za kuhuzunisha, lakini zinatukumbusha pia kwamba wapo maelfu wanaotibiwa na kuendelea na maisha. Saratani ya matiti, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini, hutibika vyema ikigunduliwa mapema.

Mtu aliyepona akiwa na miaka arubaini ana matumaini ya kuishi miaka mingine thelathini au zaidi. Moyo wake unahitajika kwa miaka hiyo yote.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi hapa nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja. Maana yake ni kwamba wako wagonjwa wanaoanza tiba ya saratani wakiwa tayari na moyo unaobeba mzigo, na wao wenyewe hawana habari.

Dawa nyekundu kutoka Italia

Ili tuelewe vizuri, tuanze na dawa moja ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti, ya tezi na ya damu wanaijua kwa rangi yake. Ni dawa nyekundu kama sharubati. Mgonjwa akishatiwa, mkojo wake huweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na wengi hushtuka wakidhani wanakojoa damu. Jina lake ni doksorubisini. Huko Ulaya na Marekani baadhi ya wagonjwa wameibandika jina la "shetani mwekundu".

Historia yake ni ya ajabu. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Italia walikusanya udongo karibu na Castel del Monte, ngome ya kale iliyojengwa karne ya 13 katika eneo la kusini mwa nchi hiyo. Ndani ya udongo huo walipata bakteria anayetoa rangi nyekundu. Kutokana na rangi hiyo walitengeneza dawa ya kwanza iliyoitwa daunorubisini, ambayo watafiti wa Ufaransa nao waliigundua karibu wakati huo huo. Baadaye Waitaliano waliwabadilisha kidogo bakteria hao katika maabara, wakapata dawa nyingine yenye nguvu zaidi. Hiyo ndiyo doksorubisini. Jina lake la kibiashara la mwanzo, Adriamycin, lilitokana na Bahari ya Adriatic inayopakana na eneo hilo.

Dawa hii imeokoa maisha ya watu wengi mno, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kufikia mwaka wa 1967 ilikuwa imekwisha kufahamika kwamba dawa za jamii hii huweza kuudhoofisha moyo, hata kusababisha kifo.

Moyo unaumiaje?

Dawa hii hufanya kazi kwa kuharibu mpango wa uhai ulio ndani ya seli, ule ambao seli huutumia ili kugawanyika na kuongezeka. Kwa kuwa seli za saratani hugawanyika ovyo na kwa kasi, ndizo zinazopata pigo kubwa. Nywele hunyonyoka na mdomo hutoka vidonda kwa sababu hiyo hiyo: seli za nywele na za mdomo nazo hugawanyika upesi.

Mwanafunzi makini atauliza hapa: Seli za moyo hazigawanyiki kwa kasi. Mbona nazo zinaumia?

Jibu ni kwamba dawa hii ina njia zaidi ya moja ya kudhuru. Ikiingia katika seli za misuli ya moyo huharibu mpango ule ule wa uhai, na pia huvuruga vile viwanda vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya seli. Ikishirikiana na madini ya chuma yaliyomo mwilini, huzalisha kemikali zinazounguza seli kutoka ndani. Nywele zikinyonyoka huota tena. Seli za moyo hazina bahati hiyo. Hata kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na kiwango hicho hupungua kadiri anavyozeeka. Kwa hivyo seli ya moyo ikifa, pengo lake hubaki. Zile zilizosalia hufanya kazi ya ziada, moyo hutanuka, na hatimaye huchoka.

Hatari ya polepole namna hii haina kelele. Moyo una akiba kubwa ya nguvu. Mtu anaweza kupoteza sehemu ya nguvu hizo akiendelea kupika, kwenda kazini na kucheka na watoto. Siku anayoanza kuhema, akiba imekwisha kutumika.

Hesabu ya dozi

Habari njema ni kwamba hatari hii inafuata hesabu. Kinachohesabika ni jumla ya dawa yote ambayo mgonjwa amewahi kutiwa tangu siku ya kwanza, hata kama miaka mingi imepita kati ya tiba moja na nyingine.

Mwaka wa 1979 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wametiwa doksorubisini. Dozi hupimwa kwa miligramu kwa kila mita mraba ya eneo la mwili. Walikadiria kwamba jumla ikifika miligramu 400, wagonjwa kama 3 katika kila 100 hupata udhaifu wa moyo. Ikifika 550, huwa 7, na ikifika 700, huwa 18. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba hatari ni kubwa zaidi ya ilivyodhaniwa: 5 katika 100 kwa miligramu 400, na 26 katika 100 kwa miligramu 550.

Msomaji asiingiwe na hofu. Mpango mmoja unaotumiwa sana kwa saratani ya matiti ni dripu nne za miligramu 60 kila moja, yaani jumla ya 240. Hiyo iko mbali na kiwango cha hatari kubwa. Hata hivyo, hatari si sifuri, na huongezeka kwa mtu mwenye umri mkubwa, mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo wa awali, na kwa yule ambaye pia amepigwa miale kifuani.

Hapa ndipo kumbukumbu za hospitali zinapokuwa na thamani kuliko dhahabu. Ikiwa saratani itarudi baada ya miaka minane, na mgonjwa awe amehamia mji mwingine, daktari mpya atataka kujua kiasi gani cha dawa hiyo kiliingia mwilini. Jibu la "nilitiwa ile nyekundu" halimsaidii. Anahitaji jina na jumla ya miligramu.

Dawa nyingine na mishipa ya damu

Doksorubisini si dawa pekee ya kuangaliwa. Wanawake kama 15 hadi 20 katika kila 100 wenye saratani ya matiti huwa na aina inayoitwa HER2. Hao hupewa dawa ya trastuzumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin. Dawa hii imebadilisha kabisa matumaini ya wagonjwa wa aina hiyo. Lakini katika majaribio makubwa ya mwanzo, yaliyochapishwa mwaka wa 2001, wagonjwa 27 katika kila 100 waliotiwa dawa hii pamoja na zile za jamii ya doksorubisini walipata matatizo ya moyo. Tangu hapo madaktari hawazitii pamoja ovyo. Huanza na moja, kisha nyingine, huku moyo ukipimwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Tofauti na ile dawa nyekundu, madhara ya trastuzumabu kwa kawaida hupungua au kuisha dawa ikisimamishwa kwa muda.

Zipo pia dawa ambazo shabaha ya madhara yake ni mishipa ya damu.

Florourasili, inayotumiwa sana kwa saratani ya utumbo, huweza kuifanya mishipa inayolisha moyo ijikaze ghafla. Mgonjwa husikia maumivu ya kifua wakati dawa inaendelea kuingia au muda mfupi baadaye. Maumivu hayo si ya kuvumiliwa kimya kimya hata kidogo. Muuguzi aambiwe papo hapo.

Sisplatini, inayotumiwa kwa saratani ya mlango wa uzazi, ya mapafu na ya korodani, huweza kuharibu utando laini wa ndani ya mishipa na kuifanya damu iwe rahisi kuganda. Donge la damu likikwama mguuni, mguu mmoja huvimba na kuuma. Likisafiri hadi mapafuni, ni hatari ya kifo.

Bevasizumabu na baadhi ya vidonge vya saratani ya figo hufanya kazi kwa kuunyima uvimbe mishipa mipya ya damu. Kwa kuwa mishipa ya mwili mzima nayo huathirika, shinikizo la damu hupanda, wakati mwingine katika majuma ya kwanza tu. Tamoksifeni, kidonge ambacho wanawake wengi hukimeza kwa miaka mitano au zaidi, huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda. Na wazee wanaotibiwa saratani ya tezi ya kibofu kwa kuzuiwa homoni za kiume huweza kunenepa na kupata kisukari, mambo mawili yasiyo rafiki wa moyo.

Hatimaye kuna dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Mara chache sana kinga hiyo huasi na kuushambulia moyo wenyewe. Hutokea kwa watu wachache, lakini ikitokea ni dharura.

Miale ya kifuani

Tiba ya miale nayo ina hesabu yake. Titi la kushoto liko karibu na moyo, na miale inayolengwa huko huweza kuugusa. Mwaka wa 2013, uchunguzi kuhusu wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliopigwa miale kwa saratani ya matiti ulionyesha kwamba kila kipimo kimoja cha miale kilichoufikia moyo, kinachoitwa grei, kiliongeza hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Hatari hiyo ilianza kuonekana ndani ya miaka mitano ya kwanza na iliendelea hadi zaidi ya miaka ishirini.

Asilimia hiyo ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu alikuwa nayo tayari. Kwa mwanamke asiyevuta sigara na mwenye shinikizo la kawaida, nyongeza hiyo ni ndogo. Kwa yule ambaye tayari ana maradhi ya moyo, ni kubwa. Ndiyo maana kuacha sigara na kudhibiti shinikizo la damu ni sehemu ya tiba ya saratani.

Siku hizi mashine za kisasa hulenga vizuri zaidi kuliko zile za zamani. Katika vituo vingine mgonjwa wa titi la kushoto huambiwa avute pumzi ndefu na kuizuia wakati miale inapopigwa. Mapafu yakijaa hewa, moyo husogea mbali na titi. Ni mbinu isiyo na gharama kubwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama inapatikana anakotibiwa.

Miezi sita inayoamua

Tufikie sasa jambo lililo muhimu kuliko yote. Mwaka wa 2010, madaktari wa hospitali ya saratani ya Milan nchini Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 201 ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofishwa na dawa za jamii ya doksorubisini. Wote walipewa vidonge vya kawaida vya moyo. Miongoni mwa walioanza vidonge hivyo ndani ya miezi miwili baada ya kumaliza kemotherapi, 64 katika kila 100 mioyo yao ilirudi hali yake. Kadiri muda ulivyozidi ndivyo idadi ya waliopona ilivyopungua. Baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyepona kabisa.

Uchunguzi wa baadaye wa kundi hilo la madaktari, uliochapishwa mwaka wa 2015 na kuwahusu wagonjwa 2,625, ulionyesha kwamba karibu visa vyote vya moyo kudhoofika viligunduliwa katika mwaka wa kwanza baada ya tiba, pale wagonjwa walipopimwa mara kwa mara. Wengi wao walipata nafuu kwa sababu walianza vidonge mapema.

Dawa walizotumia si za ajabu. Ni vidonge vya jamii ya enalaprili na kavediloli, vile vile ambavyo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na moyo humeza hapa kwetu. Kwa hiyo tatizo kubwa si ukosefu wa dawa. Tatizo ni kwamba moyo haukupimwa wakati uliofaa.

Kipimo chenyewe kinaitwa eko. Ni picha ya mawimbi ya sauti, kama ile wanayopigwa wajawazito, ila hii hupigwa kifuani. Haina maumivu wala miale. Huonyesha ni sehemu gani ya damu iliyomo katika chumba kikubwa cha moyo inayosukumwa nje kwa kila pigo. Moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu. Ikishuka chini ya asilimia 50, daktari huanza kuuliza maswali.

Familia nyingi huandaa bajeti ya harambee kwa kuhesabu dripu, miale, nauli na chakula. Ni nadra eko kuandikwa katika orodha hiyo. Tunashauri iandikwe, tena zaidi ya mara moja: kabla ya kuanza, na baada ya kumaliza, na katikati kwa wenye hatari kubwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilipopisha ile ya SHA, ni vyema pia kuuliza mapema hospitalini ni vipimo gani vinavyolipiwa, ili pesa za vile visivyolipiwa zitafutwe kabla ya siku yenyewe.

Watoto waliopona

Watoto wanaotibiwa saratani ya damu au ya tezi wana habari yao ya pekee. Wengi hupona, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini moyo wa mtoto bado unakua, na uliopoteza seli huenda ukashindwa kukua sambamba na mwili. Dalili zinaweza kuchelewa miaka kumi, ishirini au zaidi.

Hebu fikiria msichana aliyetibiwa akiwa na miaka sita. Akifika ishirini na sita anaolewa na kupata mimba. Wakati wa ujauzito kiasi cha damu mwilini huongezeka karibu kwa nusu, na moyo lazima usukume mzigo huo wote. Ikiwa msichana huyo hajui alitiwa dawa gani utotoni kwa sababu wazazi waliona vyema kulisahau jambo hilo, mkunga na daktari hawatakuwa na habari ya kuangalia moyo wake.

Mzazi, usimfiche mwanao. Akifikia umri wa kuelewa, mweleze kwamba aliugua, akatibiwa, akapona. Mkabidhi karatasi zake kama unavyomkabidhi cheti cha kuzaliwa.

Muulize daktari

Wagonjwa wetu wengi huona haya kumuuliza daktari maswali, hasa foleni ikiwa ndefu. Kuuliza si utovu wa adabu. Andika maswali yako kwenye karatasi, na uende na mtu wa jamaa atakayekusaidia kukumbuka majibu. Haya hapa ni baadhi:

Daktari, je, dawa nitakazopewa zinaweza kuuathiri moyo au mishipa yangu?

Moyo wangu utapimwa lini, na tena lini?

Jumla ya dozi yangu itakuwa ngapi, na naweza kuandikiwa?

Nina shinikizo la damu (au kisukari). Je, nani ataliangalia wakati natibiwa saratani?

Baada ya kumaliza, nirudi kliniki ipi nikihisi vibaya?

Mwambie pia kuhusu dawa za mitishamba unazotumia. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali, na daktari asiyejua hawezi kukulinda.

Dalili za kutopuuza

Wakati wa tiba na miaka inayofuata, familia nzima iwe macho kwa dalili hizi: kuhema kwa kazi ndogo ambayo zamani haikuwa taabu, kushindwa kulala chali au kuamka usiku ukitafuta hewa, miguu yote miwili kuvimba, uzito kupanda kwa kilo kadhaa katika siku chache, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, na kizunguzungu. Hizi zinahitaji kliniki siku hiyo au kesho yake.

Maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuishiwa pumzi ghafla, au mdomo kupinda na mkono kukosa nguvu, hayo hayangoji asubuhi. Nenda hospitalini mara moja, na ukifika sema waziwazi, "Nimetibiwa saratani." Maneno hayo machache humwelekeza daktari wa zamu.

Ni kweli kwamba uchovu ni jambo la kawaida baada ya kemotherapi. Lakini uchovu wa dawa hupungua polepole kadiri miezi inavyopita. Uchovu unaozidi badala ya kupungua una sababu nyingine, na sababu hiyo itafutwe.

Kazi ya nyumbani

Kuna mengi ambayo familia inaweza kufanya bila kungoja mtaalamu. Shinikizo la damu lipimwe mara kwa mara, hata kwenye duka la dawa la mtaani, na tarakimu ziandikwe kwenye daftari. Chumvi ipunguzwe katika sufuria ya watu wote, si katika sahani ya mgonjwa peke yake. Sigara iachwe kabisa, na pombe ipunguzwe au iachwe. Matunda, mboga, maharagwe na samaki vipewe nafasi zaidi ya vyakula vya kukaangwa.

Mgonjwa asilazwe kitandani mchana kutwa kwa huruma. Kutembea kwa mwendo anaoumudu, dakika chache mwanzoni kisha zaidi, huusaidia moyo na hupunguza ule uchovu wenyewe. Daktari akikubali, atembee kila siku, na mtoto au mjukuu amsindikize.

Kisha nunua faili moja. Weka humo majina ya dawa, tarehe, jumla ya dozi, majuma ya miale na majibu ya eko. Faili hiyo isipotee hata mkihama nyumba mara kumi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama kwenu yuko aliyemaliza kutibiwa saratani na hajapimwa moyo tangu hapo, juma hili muulizeni swali moja tu: "Unapanda ngazi vizuri?" Akisita kujibu, msimwambie apumzike. Mpelekeni kliniki.